Darasa Likiitikia 'Ndiyo', Nani Ameelewa?

"Tuko pamoja?" mwalimu anauliza, chaki mkononi, bega moja limeelekea ubao. "Ndiyooo!" darasa zima linaitika kwa pumzi moja, na somo linasonga mbele. Ni nadra kumpata Mkenya aliyekaa dawatini ambaye hajawahi kuitikia hivyo. Na wengi wakikumbuka vizuri watakiri kwamba siku walizoitikia kwa sauti kubwa kuliko zote ndizo siku ambazo hawakuambulia kitu.

Swali hilo lina nduguye: neno lililokatwa katikati. "Kazi ya moyo ni kusukuma da...?" "Damu!" "Na damu hubeba oksi...?" "Jeni!" Mwalimu anatoa kichwa cha neno, watoto wanamalizia mkia, na kila mmoja chumbani anahisi kazi inafanyika. Mtoto amejibu nini hapo? Amemalizia neno. Hata asiyejua moyo umekaa upande gani wa kifua ataitamka "damu" bila kukosea, maana jirani yake ameitamka kufumba na kufumbua kabla yake.

Mwaka 2005 watafiti Caroline Pontefract na Frank Hardman walichapisha uchunguzi wao kuhusu mazungumzo ya darasani katika shule za msingi nchini Kenya, kwenye vipindi vya Kiingereza, hisabati na sayansi. Walichokikuta hakitamshangaza mzazi yeyote: mwalimu anaeleza, anauliza swali lenye jibu moja tu, darasa linarudia kwa pamoja. Tangu wakati huo mtaala wa 8-4-4 umetolewa na mwingine kuingizwa, vitabu vimebadilishwa, vishikwambi vimegawanywa. Ule wimbo wa "tuko pamoja" haujaguswa.

Isiolo ndipo mahali pazuri pa kuupimia wimbo huo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, idadi ambayo kaunti ndogo moja ya Nairobi huishinda kwa mbali. Lakini watu hao wachache wamebeba lugha nyingi kuliko kaunti kadhaa za nyanda za juu zikiunganishwa. Waborana wako Merti, Garbatulla, Kinna na Sericho. Wasamburu wako Oldonyiro, Waturkana wako Ngare Mara na kwingineko. Wasomali walikuwepo tangu utawala wa kikoloni ulipowapa makazi askari wastaafu wa koo za Isaaq na Harti baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wameru wako mlangoni, na baadhi yao wako ndani kabisa. Mji wa Isiolo ulipofanywa makao ya utawala wa ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, makarani, polisi na wafanyabiashara kutoka kila pembe nao wakaongeza lugha zao.

Msikilizaji makini hahitaji sensa. Atasikiliza majina ya mitaa. Bulla Pesa ni neno la kaskazini lenye maana ya mtaa, limeozwa kwa neno la Kiswahili. Kulamawe ni Kiswahili kitupu. Ngare Mara inabeba neno la Kimaa la maji, ingawa wanaoishi hapo leo wengi wao ni Waturkana. Oldonyiro ina mlima wa Kimaa ndani yake.

Sasa wapandishe watoto wa mitaa hiyo hadi darasa moja la Gredi ya Kwanza, uwaonyeshe picha ya kikombe cha maziwa. Wa Kiborana nyumbani anakijua kinywaji hicho kama *aannan*. Wa Kisomali atasema *caano*, ile c ikitoka kooni kama ain ya Kiarabu. Wa Kiturkana ni *ngakile*, wa Kisamburu ni *kule*, wa Kimeru ni *iria*. Mwalimu anaandika "maziwa" ubaoni, na miaka mitatu baadaye atalifuta aandike la Kiingereza. Hawa ni watoto waliokua na maziwa, wanaojua yaliyokamuliwa asubuhi yanavyotofautiana na yaliyolala kwenye kibuyu. Kitu wanakijua. Jina lake la shuleni ndilo geni, na mtoto wa miaka sita asiyelijua jina hilo huhesabiwa kuwa hakijui kitu chenyewe.

Sera ya lugha ya Kenya inalijua tatizo hili, angalau kwenye karatasi. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendelea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikarudi nyuma na kupendekeza lugha ya eneo katika madarasa ya chini, na msimamo huo ndio uliodumu: lugha inayozungumzwa na jamii inayoizunguka shule hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kuanzia la nne. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ikakipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuitaka serikali iendeleze lugha za jamii zote.

Kanuni hiyo ya lugha ya eneo imeshonwa kwa vipimo vya kijiji chenye kabila moja. Sericho inaweza kuivaa bila taabu. Lakini katikati ya mji wa Isiolo lugha ya eneo ni ipi? Jibu la kweli ni Kiswahili, na ni Kiswahili cha pekee, kinachotembea bila kuogopa ngeli, kinachomwita mtu *wariya* katika sentensi moja na "buda" katika inayofuata. Ni lugha ya mama ya wachache mno, na ni lugha ya kila mtu. Mtoto wa Tulluroba huifahamu kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Shule ikimfikia kwa Kiswahili hicho inamfikia. Tatizo ni kwamba ikifika Gredi ya Nne mlango unafungwa, na mtoto aliyekuwa akiuliza "Mwalimu, kwa nini mvua haikunyesha?" anajikuta hana maneno ya kuulizia swali lilelile. Ananyamaza. Au anajiunga na kwaya ya "ndiyo", safari hii kwa Kiingereza.

Historia ya unyamavu huo ni ndefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alisimulia katika kitabu chake cha 1986 jinsi kitufe kilivyopitishwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine shuleni, kikimtafuta aliyekamatwa akizungumza Kigikuyu, na jioni aliyekishika akaadhibiwa. Vizazi vya Wakenya baada yake vimekijua kitu hicho kwa jina la monto. Adhabu ya kiboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaitilia mkazo marufuku hiyo. Somo ambalo monto ilifundisha bado linafundishwa bila kiboko: kwamba kufungua mdomo ni hatari, na kwamba aliyenyamaza harudi nyumbani na kosa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba nje ya ua wa shule Isiolo haina shida hii. Simama kwenye soko la mifugo. Dalali mmoja anazungumza na mwenye mbuzi kwa Kisamburu, anageuka kwa mnunuzi aliyekuja na lori na kumpa bei kwa Kiswahili, anamtania mwenzake kwa Kiborana, na katikati ya yote anapokea simu kwa Kisomali. Hakuna anayeuliza "tuko pamoja?" kwa sababu kutoelewana sokoni kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa papo hapo kwa noti. Masoko ya mifugo ya Pembe ya Afrika yana hata desturi ya madalali kushikana mikono chini ya kitambaa na kupatana bei kwa vidole tu, midomo imefungwa, kila mmoja akiwa na uhakika kamili wa alichosema mwenzake. Watu wa eneo hili ni mabingwa wa kuwasiliana. Watoto wao wanapita sokoni hapo asubuhi, wanaingia darasani, na ghafla wanaonekana hawana la kusema.

Kwa hivyo wingi wa lugha si mshtakiwa anayefaa. Mshtakiwa wa kwanza ni haraka.

Mwanasayansi wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alitumia miaka mingi akisikiliza kanda za masomo ya sayansi katika shule za msingi za nchi yake. Matokeo aliyoyatoa miaka ya 1970 yanaonekana madogo mpaka mtu ayajaribu. Mwalimu wa kawaida akishauliza swali humngojea mwanafunzi kwa takriban sekunde moja. Moja tu. Asipopata jibu analirudia swali, analibadilisha, anamtaja mwingine, au anajijibu mwenyewe. Walimu waliofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu, maswali zaidi kutoka kwa watoto wenyewe, na sauti za wale waliodhaniwa kuwa wazito. Na kulikuwa na uchungu ndani ya matokeo hayo: walimu walikuwa wakiwangojea kwa muda mfupi zaidi wanafunzi waliowaona dhaifu. Anayehitaji nafasi zaidi ndiye aliyenyimwa.

Watoto hao wa Marekani walikuwa wakiulizwa kwa lugha waliyozaliwa nayo. Mtoto wa Gredi ya Tano wa Burat ana safari ndefu zaidi. Analisikia swali kwa Kiingereza, analibeba hadi Kiswahili, pengine analifikisha Kiturkana ambako fikira zake zinakaa, anapata jibu huko, kisha anaanza kulirudisha njia ileile. Sekunde moja inamkuta bado njiani. Mwalimu anamtazama akiwa katika kazi ngumu kuliko zote zinazofanyika chumbani mle na kuhitimisha kwamba hajui.

Yapo pia mambo ya adabu ambayo mwalimu mgeni huyasoma vibaya. Katika nyumba nyingi za wafugaji mtoto hamkazii macho mtu mzima, wala halikimbilii jibu la mkubwa kana kwamba anashindana naye. Kutazama chini ni heshima. Kwenye mkutano wa wazee wa Kiborana, anayetaka kusema anangoja aliyetangulia amalize, na kituo kinachofuata si aibu ya mtu yeyote, ni nafasi ya neno kutua. Mwalimu aliyekulia ambako mtoto mwerevu ndiye arushaye mkono juu na kuita "Mwalimu! Mwalimu! Mimi!" atamwona mtoto wa Merti kuwa mvivu. Mtoto naye atamwona mwalimu kuwa mtu asiye na subira ya kusikiliza. Wote wawili watakuwa wamefanya walichofunzwa na wazazi wao.

Hapa ni vyema kuutetea wimbo wa pamoja kidogo, kwa sababu wataalamu wa elimu huupiga mawe bila kuuliza ulikotoka. Watoto wengi wa Isiolo huingia duksi, yaani chuo cha Kurani, au madrasa kabla ya kuingia shule. Huko wanasoma kwa kuitikia, loho mkononi, sauti juu, aya kwa aya, kwa sababu lengo ni kuhifadhi, na kwa kuhifadhi njia hiyo imefanya kazi kwa karne nyingi. Majedwali ya kuzidisha nayo yanaingia vizuri kwa wimbo. Darasa lenye kitabu kimoja kwa watoto wanne haliwezi kumlaumu mwalimu anayetumia sauti badala ya karatasi. Mtoto mwenye haya hupata ujasiri wa kutamka neno jipya akiwa amejificha ndani ya kelele za wenzake. Kosa linaanza pale mwitikio unapochukuliwa kuwa ushahidi. Hata ustadhi wa duksi halidanganyi darasa lake hivyo: baada ya kuitikia pamoja, kila mtoto husogea mbele peke yake na kusoma alichohifadhi, na hapo ndipo ukweli hujulikana. Shule imeichukua nusu ya kwanza ya mbinu na kuiacha ya pili.

Nini basi kinachoweza kufanyika katika darasa lenye watoto 50, lugha sita na mwalimu mmoja ambaye pengine amezaliwa Vihiga au Nyamira? Mengi, na mengi yao hayahitaji bajeti. La kwanza ni kulizika lile swali la "mmeelewa?" Halina jibu lingine isipokuwa ndiyo. Badala yake mwalimu aulize jambo ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo: "Mweleze rafiki yako aliyekosa shule jana: kwa nini nguo hukauka upesi kwenye upepo?" Kisha anyamaze, ahesabu moyoni hadi tano. Sekunde tano darasani ni ndefu. Mwalimu anasikia mbuzi nje, anasikia pikipiki barabarani, mkono unamwasha kutaka kujijibu. Avumilie.

La pili ni kuwaruhusu watoto kulizungumza jambo wawili wawili kwa lugha yoyote waliyo nayo, kisha mmoja alilete mbele kwa Kiswahili au Kiingereza. Mwalimu hahitaji kukijua Kisamburu ili jambo hili lifanyike, watoto wanakijua. Tanzania imetoa funzo linalokaribiana na hili. Mradi wa LOITASA, ulioanza 2002, ulilinganisha wanafunzi wa sekondari waliofundishwa mada zilezile kwa Kiingereza na wenzao waliofundishwa kwa Kiswahili. Waliotumia Kiswahili walishiriki zaidi na kuelewa zaidi. Fikira ikiisha kukomaa katika lugha inayofahamika, kuivalisha lugha ya pili huwa kazi ya ushonaji tu. Kuivalisha kabla haijazaliwa ndiko kunakoshinda.

Lakini Isiolo ina tahadhari yake, na wanaoandika miongozo wakiwa Nairobi huisahau. Lugha hapa si chombo kisicho na upande. Kaunti hii imezika watu kwa sababu ya malisho, maji na mifugo iliyoibwa, na mtoto anajua vizuri jirani yake wa dawati anatoka upande gani. Mwalimu wa Kiborana akitoa mzaha kwa Kiborana, nusu ya darasa inacheka na mtoto wa Kiturkana anajiuliza kama yeye ndiye aliyechekwa. Mwalimu wa Kimeru akimweleza mtoto mmoja hesabu kwa Kimeru pembeni, wengine wanahesabu jambo lingine kabisa. Kwa hivyo kanuni iwe ya wazi kwa wote: lugha za nyumbani ni za watoto kusaidiana, na kila kilichosemwa ndani yake kirudi katika lugha ya wote kabla kipindi hakijaisha. Mwalimu mwenyewe ajifunze salamu na maneno kumi ya kila lugha iliyo darasani mwake, akianza na yale ya maziwa. Kumi hayatoshi kufundisha sayansi. Yanatosha kumfanya mtoto ainue kichwa.

Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipoanza mwaka 2018 kuwapeleka walimu mbali na kaunti zao, malalamiko yalihusu familia, nyumba na nauli. Mwalimu aliyepelekwa asikojua lugha hakupewa hata wiki moja ya kuijifunza.  Alipewa barua tu.

Kuhusu mifano inayotumika kufundishia, kuna ushauri unaotolewa mara nyingi: mpe mtoto wa mfugaji hesabu za mbuzi. Ni ushauri mzuri hadi unapozidi. Mtoto wa Kinna anaweza kuuona upungufu wa mbuzi mmoja katika kundi kubwa bila kuhesabu, na mwalimu mwenye akili ataanzia hapo kufundisha makundi na kutoa. Mtoto wa Bulla Pesa, ambaye baba yake ana duka la vipuri, pengine hajakamua mnyama maishani na mbuzi anamjua kwenye sahani. Kumdhania kuwa mchungaji kwa sababu ya jina lake ni njia nyingine ya kutomsikiliza. Njia ya kujua mfano upi unamfaa ni ileile: kumuuliza, kisha kungoja.

Kuna maswali mengine yanayotangulia somo. Ukame wa 2021 ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa, familia zilihama na mifugo, na madawati yakabaki matupu. Mtoto aliyerudi baada ya wiki tano akiulizwa mbele ya wenzake "Wewe ulikuwa wapi?" kwa sauti ya karani wa mahakama, amepata sababu ya kutorudi tena. Swali hilohilo likiulizwa pembeni, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, hufungua somo zima la jiografia.

Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa 2019, umeandika mawasiliano na ushirikiano kuwa umilisi wa kwanza katika orodha ya saba. Ni mpangilio wa kupendeza. Kisha ikaja tathmini ya kwanza ya Gredi ya Sita, Novemba 2022, na watoto wakapewa karatasi za kuchagua jibu kati ya A, B, C na D. Mwalimu si mjinga. Akiona mlango wa kutokea umejengwa kwa herufi nne, atawafundisha watoto kupita hapo, na sekunde tano za kungoja ataziona kama anasa. Ukutani nyuma yake kuna maandishi ya rangi, "Kuuliza si ujinga," na chini ya maandishi hayo mtoto aliyeuliza jambo ambalo wenzake wamelijua anachekwa hadi kengele inalia.

Walimu wakuu wa Isiolo wana uwezo wa jambo moja dogo muhula huu bila kuingoja Wizara. Mwalimu mmoja aketi nyuma ya darasa la mwenzake, kwa ridhaa yake, akiwa na kalamu na karatasi yenye safu nne: maswali ya mwalimu, maswali ya watoto, majibu ya kwaya, majibu ya mtoto mmoja mmoja. Apige mstari kila mara, bila kuandika neno. Na ukingoni mwa karatasi achore ramani ya madawati, akimwekea alama kila aliyesema kitu, mpaka aone kama yule wa nyuma karibu na dirisha, aliyeitikia "ndiyo" zote tangu saa mbili, ametajwa kwa jina hata mara moja.